Namba Iliyo Juu ya Kasha

Wazazi wengi wanaosoma gazeti letu hili wanavijua vibanda vya michezo ya video kwa kelele tu, maana mtu mzima haingii humo mara nyingi. Ndani mna televisheni tatu au nne, mashine za kuchezea na mabenchi. Mtoto hutoa sarafu ya shilingi 200, akacheza mpaka zamu yake iishe.

Mingi ya michezo hiyo ni ya mpira, nayo haina neno. Lakini imo pia michezo iliyotungwa kwa ajili ya watu wazima, ambayo ndani yake mchezaji ndiye muuaji. Yeye hatazami tu kama atazamavyo senema. Ni kidole chake kinachobonyeza, na mtu akaanguka. Katika Grand Theft Auto V, uliotolewa mwaka 2013, mchezaji huiba magari, huweza kuwapiga risasi wapita njia na askari, na mahali pamoja hutakiwa kumtesa mtu aliyefungwa kitini.

Walioutengeneza hawakumkusudia mtoto, na jambo hilo huandikwa juu ya kasha. Mambo ya alama hizi yalianza Marekani. Mwaka 1993 mchezo wa mapigano uitwao Mortal Kombat uliingia majumbani. Kampuni ya Nintendo iligeuza damu ikawa jasho. Katika mashine ya Sega damu ilifichwa, lakini mtoto aliyejua namna ya kubonyeza aliifungua. Wazazi walilalamika, Baraza la Senati likawahoji wenye makampuni mwezi wa Desemba mwaka huo huo, nao wakaunda bodi yao ya kupima michezo mwaka 1994. Kwa bodi hiyo, herufi M maana yake ni miaka 17 na zaidi. Ulaya walianza utaratibu wao, PEGI, mwaka 2003, wenye namba 3, 7, 12, 16 na 18. Grand Theft Auto V umepewa 18. (Kwa hesabu hiyo hata mimi wa Kidato cha Nne sijaufikia.)

Nguvu ya alama hizo si moja kila mahali. Uingereza, tangu mwaka 2012, ni kosa la sheria kumwuzia mtoto mchezo uliozidi umri wake, ukianzia ule wa 12. Marekani, jimbo la California lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2005, Mahakama Kuu ikaitangua mwaka 2011.

Mtaani kwetu shida ni nyingine kabisa: kasha halifiki. Michezo imenakiliwa ndani ya mashine, au katika sahani iliyoandikwa jina kwa kalamu ya wino. Nilimwuliza kijana mwenye kibanda, "Kaka, huu ni wa umri gani?" Akanijibu, "Wa mwenye mia mbili." Mdogo wangu, wa darasa la tatu, alikuwa benchi la mbele.

Sisemi kwamba atakuwa jambazi. Mwaka 2020 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilieleza kwamba hapana ushahidi wa kutosha wa kuiunganisha michezo hii na ukatili mkubwa. Walichokiona ni uhusiano mdogo na mambo kama kufoka na kusukumana. Lakini mtoto wa miaka tisa hana haja ya kujifunza namna ya kumtesa mtu kitini, hata kama hatamtesa mtu maishani mwake.

Mashine kama PlayStation 4 ina kufuli ndani yake: mwenyewe huweka tarakimu nne za siri, na michezo iliyozidi umri alioupanga haifunguki. Kufuli hiyo ataiweka nani, ikiwa mwenye mashine anangoja sarafu? Mtaani kwetu fundi cherehani mmoja, ambaye ukuta wake umepakana na kibanda, alikwenda na wazazi wanne wakapatana na yule kijana: kabla ya magharibi ni mpira na mashindano ya magari tu. Alikubali upesi kuliko tulivyodhani, kwa sababu mpira huchezwa na wawili, na kila mmoja hutoa sarafu yake.

Ya simu ni magumu zaidi. Google Play pia ina kufuli ya umri, lakini haizuii mchezo uliorushwa kutoka simu ya rafiki. Huo mzazi atauona akiifungua simu mwenyewe na kutazama kilichomo.