Uso Ulioonekana Katika Mirihi

Watoto wetu huuliza: je, wako viumbe waliojenga miji huko mbinguni kabla yetu? Haifai kuwakemea. Surat Ash-Shura, aya ya 29, inataja viumbe waliotawanywa katika mbingu na ardhi, na wafasiri wamelizungumza jambo hilo tangu zamani. Lakini kuwepo kwa kiumbe ni jambo moja, na kudai kwamba tumeyaona magofu yake ni jambo jingine, nalo lataka bayana.

Tarehe 25 Julai 1976 chombo cha Marekani, Viking 1, kilipiga picha eneo la Cydonia katika sayari ya Mirihi. Kikaonekana kilima chenye macho, pua na mdomo. Siku chache baadaye shirika la NASA likaitangaza picha hiyo, likieleza kuwa ni vivuli tu. Wapi! Vitabu vikaandikwa, na wengine wakaona hata mapiramidi ya mji uliokufa.

Katika picha bora ya Viking ya mwaka ule nukta moja ilifunika mita 43. Nyumba nzima ingemezwa humo. Mwaka 1998 chombo cha Mars Global Surveyor kilipotazama tena, uso haukuwapo. Walioamini wakadai kuwa ukungu umeuficha. Basi tarehe 8 Aprili 2001 kikapiga tena, anga ikiwa safi, nukta moja ikifunika mita 1.56 tu. Kilikuwa kilima cha mawe, kilicholiwa na mmomonyoko.

Hata hivyo, picha ambayo vijana wetu hutumiana kwenye simu hadi leo ni ile ya 1976.