Je, Wajua? Pwani ya Uyole iko Matema

Msafiri anayetembea na gari lenye kitanda na jiko ndani yake hupata pwani hata Nyanda za Juu Kusini. Uyole, nje kidogo ya jiji la Mbeya, ndipo njia ya Malawi inapoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma. Inapanda milimani, kisha inashuka kupitia Tukuyu hadi Kyela na fukwe za Ziwa Nyasa, zilizo juu ya usawa wa bahari kwa chini ya mita 500. Uyole yenyewe iko takriban mita 1,800, kwa hiyo dereva wa gari zito ashuke kwa gia ndogo, asitegemee breki pekee.

Njiani mna mengi ya kusimama na kutazama: Ziwa Ngozi ndani ya kasoko ya volkano, Daraja la Mungu, ambalo ni mwamba wa asili uliovuka Mto Kiwira, mashamba ya chai na migomba ya Rungwe.

Kati ya fukwe za Ziwa Nyasa, Matema ndiyo uzuri wenyewe. Mchanga umenyooka hadi chini ya Milima ya Livingstone, inayoinuka karibu wima kutoka majini. Kina cha ziwa hufika takriban mita 700. Jirani, kijijini Ikombe, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu vinavyouzwa mbali, na mgeni huweza kuwatazama kazini. Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba. Masika ya Kyela hujaza maji barabara za vumbi.