Jalada lilibadilishwa, wimbo ukabaki

Ugomvi kuhusu Appetite for Destruction, albamu ya kwanza ya Guns N' Roses, husimuliwa siku zote kuanzia kwenye jalada. Ni kweli lilikuwa baya. Bendi ilichukua mchoro wa Robert Williams wa mwaka 1978, wenye jina hilohilo, unaoonyesha mwanamke aliyebakwa na roboti, huku dubwana likija juu kulipiza kisasi. Albamu ilipotoka Julai 1987, maduka makubwa ya Marekani yaligoma kuiuza. Miaka 2 tu kabla yake, wanamuziki walikuwa wameitwa mbele ya Seneti kuhojiwa juu ya nyimbo zinazodaiwa kupotosha watoto, na wenye maduka hawakutaka kuingia matatani. Kampuni ya Geffen ikauhamishia mchoro ule ndani, nje ukawekwa msalaba wenye mafuvu 5, kila fuvu la mwanabendi mmoja. Biashara ikaendelea.

Mimi naona kelele za jalada zimefunika jambo zito zaidi, ambalo limo ndani ya santuri yenyewe. Lakini nianze na sifa, maana zinastahili.

Roki ya Los Angeles miaka ile ilikuwa imepakwa poda: dramu zenye mwangwi mkubwa kupita kiasi, magita yaliyolainishwa mpaka yakapoteza meno. Prodyuza Mike Clink, aliyerekodi sehemu kubwa ya kazi katika studio ya Rumbo huko Canoga Park, aliwaacha vijana wale wasikike kama walivyo. Vaa hedifoni usikilize. Gita la Izzy Stradlin liko sikio moja, la Slash sikio la pili, na hawapigi kitu kimoja. Mpenzi wa muziki wa dansi atalitambua hilo mara moja: rithimu inakwenda na njia yake, solo inakwenda na yake, na utamu unatoka pale zinapopishana. Chini yao Duff McKagan anasukuma besi, na Steven Adler anapiga dramu kwa mdundo wenye kurukaruka ambao bendi nyingi nzito hazina. Kengele ya ng'ombe inayofungua wimbo wa Nightrain inatosha kukuonyesha.

Slash hakuridhika na magita aliyoanza nayo. Lile tunalolisikia ni nakala ya Les Paul iliyotengenezwa kwa mkono na fundi Kris Derrig, wala halikutoka kiwanda cha Gibson. Mwimbaji Axl Rose naye aliimba mstari mmojammoja, akirudia hadi aridhike. Kisha Steve Thompson na Michael Barbiero wakachanganya sauti zote New York bila kompyuta ya kuwakumbushia chochote. Mikono ya watu kadhaa ilikuwa juu ya meza moja, kila mtu na sehemu yake ya kupandisha na kushusha.

Mafanikio yalichelewa. Televisheni ya MTV ilisita kuonyesha wimbo wao wa Welcome to the Jungle hadi David Geffen mwenyewe, mwenye kampuni, alipoomba, ikaupiga usiku wa manane, na simu za watazamaji zikamiminika. Albamu ilishika namba 1 Marekani Agosti 1988, zaidi ya mwaka mmoja baada ya kutoka. Leo ina cheti cha nakala milioni 18 nchini humo.

Sasa tuje kwenye wimbo wa mwisho, Rocket Queen. Katikati yake inasikika sauti ya mwanamke, na si ya kuigiza. Rose alifanya naye mapenzi studio, maikrofoni zikiwa wazi, wakati msichana huyo alikuwa na uhusiano na mpiga dramu wa bendi hiyohiyo. Alikubali, na baadaye alisimulia mwenyewe kwamba pombe ilikuwa sehemu ya makubaliano, na kwamba aibu ilimwandama kwa miaka.

Kinachoniumiza ni jinsi wimbo wenyewe ulivyojengwa. Nusu ya kwanza ni majigambo na kiburi. Kisha muziki unageuka, magita yanapata upole, na Rose anamwimbia mwanamke faraja kwa sauti yenye huruma ya kweli, pengine uimbaji bora kuliko wote alioufanya kwenye albamu nzima. Huruma hiyo imewekwa mara tu baada ya sauti ya msichana halisi ambaye hakuna aliyemhurumia.

Waliokuwa studio siku ile walikuwa watu wazima, na yeyote kati yao angeweza kuzima mashine. Jalada lilibadilishwa haraka kwa sababu lilizuia mauzo. Wimbo wa Rocket Queen haukuzuia chochote, ukaachwa hivyohivyo. Tangu Rose, Slash na McKagan waliporudi jukwaani pamoja mwaka 2016, wameendelea kuupiga mbele ya viwanja vilivyojaa. Naipenda albamu hii na nitaendelea kuisifu kwa kila anayetaka kujua magita 2 yanavyopaswa kuzungumza. Ila ninapoichambua, siruki sekunde zile, na wala sikubali ziitwe kichekesho cha studio.