Haki Katika 'Kifo Kisimani': Fasili Hufika Wapi?

Swali la insha linapogusa maudhui ya haki, watahiniwa wengi huanza kwa fasili. Mazoea haya si mabaya. Falsafa changanuzi, iliyostawi Uingereza na Marekani katika karne ya 20, hushikilia kwamba dhana ichambuliwe kwanza ndipo ijadiliwe. Neno letu 'haki' linaihitaji kazi hiyo: hubeba stahili ya mtu ("nipe haki yangu"), uadilifu wa hukumu na, katika kiapo "haki ya Mungu", ukweli. Asiyezitenganisha maana hizi ataandika insha inayorukaruka.

Hata hivyo, mbinu hii ina kikomo. Tumchukue John Rawls, aliyechapisha 'A Theory of Justice' mwaka wa 1971. Anatutaka tuwaze watu wakikubaliana kanuni wakiwa nyuma ya pazia, pasi na yeyote kujua kama atakuwa tajiri au fukara. Ili hoja isimame, anachukulia kwamba jamii hiyo imejifunga, haihusiani na nyingine, na kwamba kila mtu atazitii kanuni zilizopitishwa. Hapa Alupe sharti la kwanza linagonga mwamba mapema. Wateso wako Busia na Malaba, na jamaa zao wako ng'ambo, Uganda. Mama muuza mahindi ana wateja pande zote mbili. Haki yake ipimwe katika jamii ipi?

Sharti la pili ndilo linaloporomoka katika tamthilia hii ya Kithaka wa Mberia (2001). Nyuma ya pazia, hata Mtemi Bokono angekubali kisima kiwe cha wote. Butangi haikukosa kanuni. Imekosa wa kumlazimisha mtawala aitii. Mwelusi hashindwi kwa hoja. Anauawa, tena na Gege, nduguye, aliyeahidiwa Alida, binti wa mtawala. Fasili gani ingeuzuia mkono wa Gege?

Rawls mwenyewe alieleza wazi kwamba anaanza na jamii ya watiifu. Amartya Sen, katika 'The Idea of Justice' (2009), alipendekeza tuanzie kwenye dhuluma inayoonekana, kisha tulinganishe hali zinazowezekana. Naona njia hiyo inamfaa zaidi mtahiniwa wetu. Aya moja ya fasili yatosha. Zilizosalia zimfuate Gege: aliahidiwa nini, ahadi ilimfaa nani, na kwa nini damu imwagwe pale pale watu wanapoteka maji.