Maradhi Yanayoanzia Wodini

Maambukizi ya hospitalini ni yale ambayo mgonjwa hakuwa nayo alipopokelewa, wala hayakuwa yakijijenga mwilini mwake siku hiyo, bali aliyapata akiwa anahudumiwa. Kwa kawaida huhesabiwa yanayojitokeza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa. Yale ya kidonda cha upasuaji huhesabiwa hadi siku 30 baada ya upasuaji, hata kama mgonjwa amesharuhusiwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban wagonjwa 15 kati ya kila 100 wanaolazwa hupata angalau ambukizo moja la namna hii. Katika nchi tajiri ni 7.

Hesabu ya siku 30 ina uzito wake mahali kama Katumba, makazi yaliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, na ambayo leo yamo katika Halmashauri ya Nsimbo, mkoani Katavi. Mama aliyejifungua kwa upasuaji mjini Mpanda anaweza kuruhusiwa baada ya siku chache, hana homa na mshono ni mkavu. Kidonda kikianza kuvimba na kutoa usaha wiki ya pili, yeye yuko kijijini; wanaokiona kwanza ni ndugu zake na muuguzi wa zahanati. Taarifa isiporudi hospitalini, chumba cha upasuaji hakitajua kwamba kuna mahali pameharibika.

Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, watafiti waliwafuatilia wajawazito waliofanyiwa upasuaji mpaka siku ya 30, na takriban asilimia 11 walipata maambukizi ya kidonda. Utafiti mwingine uliofanyika hapohapo, kwa wagonjwa 250 wa upasuaji wa jumla, ulikuta asilimia 26. Bakteria aliyeongoza ni Staphylococcus aureus, ambaye watu wengi humbeba puani na kwenye ngozi bila kuugua.

Bakteria huyo huwa hatari anapofunguliwa njia. Ngozi ni ukuta wa mwili, na matibabu mengi huutoboa: kisu hukata tumbo, kanula hukaa ndani ya mshipa, mpira wa mkojo huingia hadi kwenye kibofu. Kadiri mpira au kanula inavyokaa, ndivyo hatari inavyoongezeka, kwa hiyo kisichohitajika tena hutolewa. Msafirishaji mkuu wa vimelea ni mikono, iwe ya daktari, ya muuguzi au ya ndugu anayemwogesha mgonjwa wake kisha akamsaidia wa kitanda cha jirani.

Vifaa navyo husafirisha. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku nchini Zaire, wauguzi walipewa mabomba matano tu ya sindano kila asubuhi, yakawa yanasuuzwa tu kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Ebola ikaenea kwa njia hiyo. Wahudumu 11 kati ya 17 walifariki, na hospitali ikafungwa.

Kinga yenyewe haina fumbo. Mikono huoshwa kwa maji tiririka na sabuni kwa sekunde 40 hadi 60, au husuguliwa kwa kitakasa mikono chenye spiriti kwa sekunde 20 hadi 30, kabla na baada ya kumgusa kila mgonjwa. Glovu hazichukui nafasi ya kunawa. Vifaa vya upasuaji huoshwa kwanza ndipo vitakaswe kwa mvuke, maana damu iliyogandia huwaficha vimelea. Kwa usafi wa sehemu zilizomwagikiwa damu, klorini ya asilimia 0.5 hupatikana kwa kuchanganya kipimo kimoja cha Jik ya asilimia 3.5 na vipimo sita vya maji. Sindano iliyotumika huenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha vyenye ncha kali bila kurudishiwa kifuniko. Dawa ya kuzuia maambukizi hutolewa kabla ya kisu kugusa ngozi. Kuiendeleza kwa siku kadhaa baadaye ili tu kukinga kidonda hakuongezi kinga, bali huzalisha vimelea sugu.

Kwa aliyekwisha ruhusiwa, homa, maumivu yanayozidi, wekundu, usaha, harufu mbaya au mshono kuachia ni dalili za kurudi kituoni siku hiyohiyo, pamoja na karatasi ya kuruhusiwa.