Chumvi Hupima Ukavu wa Mahindi

Tunapotembelea sharika, mara nyingi tunakuta mahindi yameingizwa ghalani yakiwa bado na unyevu. Mahindi hayo huota ukungu unaotoa sumukuvu, sumu isiyokwisha kwa kupikwa. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, jaza mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko vikubwa vitatu vya chumvi kavu. Tikisa kwa dakika moja, kisha acha itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15: yarudishwe juani, juu ya turubai. Isiponata, yahifadhiwe. Tunaziomba kamati zipime kila gunia kabla ya kulipokea.