Dawa Nyekundu ya Saratani na Hesabu ya Moyo

Mchukuzi wa dagaa apandapo kutoka mwalo wa Kibirizi kuelekea soko la Mwanga, mjini Kigoma, moyo wake hupiga kwa nguvu, kisha hutulia. Lakini kwa mtu aliyewahi kutibiwa saratani, mlima huo huo waweza kufichua madhara ya dawa aliyodungwa miaka mingi iliyopita, mbali na ziwa.

Dawa zenyewe huitwa antrasaiklini, na asili yake ni udongo. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Italia walichukua udongo karibu na ngome ya Castel del Monte, wakapata humo bakteria atoaye kemikali nyekundu inayoua chembe za saratani. Katika miaka ya 1960 bakteria huyo alizaa doksorubisini, ambayo hadi leo hutibu saratani ya matiti na nyinginezo. Wekundu wake huonekana katika mkojo kwa siku moja au mbili. Hiyo si damu, wala haina hatari.

Kila chembe hai ina nyuzi mbili za urithi zilizosokotana kama kamba. Kabla ya kugawanyika, chembe haina budi kuzifungua. Kimeng'enya kiitwacho topoisomerasi huzikata, hulegeza msokoto, kisha huziunga. Doksorubisini hujipenyeza kati ya nyuzi na kuzuia kuunga huko, mithili ya fundi wa nyavu aliyekata uzi akazuiwa kufunga fundo. Chembe za saratani, zigawanyikazo upesi, huangamia.

Chembe za msuli wa moyo ni nadra kugawanyika, ila nazo zina kimeng'enya cha jamii hiyo, nacho hunaswa. Aidha, dawa ikikutana na madini ya chuma huzalisha kemikali kali ziharibuzo vinu vya nishati vya chembe. Msuli uliokufa haurudi. Kwa hiyo madhara hujumlishwa dozi kwa dozi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba moyo ulishindwa kazi kwa wagonjwa wapatao 5 katika 100 walipofikia jumla ya miligramu 400 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, na 26 katika 100 walipofikia 550. Tiba ya kawaida ya saratani ya matiti, dozi nne za miligramu 60, hufikia 240 tu. Saratani isiyotibiwa ni hatari zaidi.

Ndiyo maana moyo hupimwa kwa mawimbi ya sauti kabla ya tiba. Lakini mkazi wa Ujiji aweza kutibiwa Ocean Road, Dar es Salaam, kilomita zipatazo 1,250 kwa reli, au Bugando, Mwanza, kisha akarudi nyumbani. Baada ya miaka, pumzi ikimkatika mlimani, miguu ikivimba, au akishindwa kulala chali, daktari wa Kigoma aweza kudhani ni pumu. Karatasi yenye jina la dawa na jumla ya miligramu itamwonyesha njia. Na ihifadhiwe kama hati ya shamba.